Hondohondo na Picha Asiyoimaliza

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walikuwa na sinema yao. Jua likizama, wanatundika shuka jeupe kati ya miti miwili, pwaa! picha inaanza. Na walikuwa na mhakiki wao, Hondohondo. Mdomo mkubwa, sauti kubwa, na juu ya mdomo ana pembe. Kichwani mlikuwa na nini? Tutaona.

Desturi yao ilikuwa hii. Picha ikiisha, Hondohondo anapanda tawi la juu, gwaa! gwaa! anasema nzuri au mbovu. Ikiwa nzuri, inazungushwa bonde zima. Ikiwa mbovu, asubuhi inapelekwa kichuguuni, mchwa wanaitafuna. Hakuna rufaa.

Msimu mmoja Muhanga akaleta picha yake. Muhanga, yule mchimba mashimo mwenye masikio marefu. Aliitengeneza tangu masika hadi kiangazi, na hakuwa na nyingine. Lakini Hondohondo alikuwa na lake moyoni. Muhanga aliwahi kumtangulia kwenye kichuguu kinono, akala kila kitu, na Hondohondo hakusahau. Tena siku hiyo alikuja akitaka kuona vita. Nani alimwambia kuna vita? Hakuna. Alitaka tu.

Picha ikaanza. Kanga mmoja anamtafuta kifaranga wake kwenye nyasi zilizoungua. Anatembea, anaita. Anatembea, anaita. Hondohondo akangoja simba. Simba hakuja. Akangoja damu. Damu haikuja. Akapiga miayo, akafunga jicho, akafunga la pili. Alipozinduka akaruka zake, purrr! akaenda kuchuma kuyu. Wenzake bado wanatazama.

Picha ilipoisha akarudi tawini. Gwaa! gwaa! Akasema picha mbovu, haina kichwa wala miguu, na mwisho wake ndio mbovu kuliko yote. Wanyama waliokuwa wakilia wakafuta machozi haraka. Pundamilia akasema hata yeye alihisi hivyo hivyo. Wanafiki hao! Muhanga akakaa chini, masikio yamelala, akawaomba wasiipeleke kazi yake kichuguuni.

Sasa, mnajua hondohondo jike akitaka kuatamia hufanyaje? Huingia katika shimo la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupitishia chakula. Mke wa Hondohondo alikuwa humo, na ufa wake ulielekea kwenye shuka. Mume akatua pale na kuyu mdomoni, akaanza kujisifu jinsi alivyomkomesha Muhanga.

Mke hakupokea kuyu. Akauliza, "Baba watoto, yule kanga mwishowe alimpata mwanawe?"

Hondohondo akabahatisha. Akasema alimpata, wakarudi nyumbani.

"Hakumpata," mke akasema. "Alimkuta kifaranga wa mwingine, akamfunika kwa bawa lake. Nimelia humu ndani. Katikati inachosha, kweli, kule kutembea kumezidi. Lakini nimeitazama yote, kwa ufa huu mwembamba. Wewe uliyekaa mbele na macho yako mawili, uliona nini?"

Wanyama walikuwa chini ya mti. Walisikia yote. Wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Wakamshusha Hondohondo, wakamkalisha mbele ya shuka, wakairudia picha tangu mwanzo. Ilipofika pale pa bawa, mdomo ule mkubwa ukatetemeka. Akafuta jicho, akasema ni moshi. Moshi gani, na hapakuwa na moto?

Wakamuuliza, nzuri au mbovu?

"Nzuri," akasema. "Ila vita hakuna."

Walicheka mpaka Pundamilia akaanguka. Tangu hapo hakuna aliyemngoja Hondohondo tawini. Alilia, gwaa! gwaa! wakampita. Picha ya Muhanga ilizunguka bonde zima, na mchwa wakatafuta kitu kingine cha kula.

Basi, wakubwa kwa wadogo, ukiitwa kuhukumu kazi ya mwenzio, chuki yako iache nyumbani, na hamu yako iache huko huko. Itazame mpaka mwisho. Ukiipenda sema, usipoipenda sema, lakini uwe umeiona.

Hadithi yangu imeishia hapo. Atakayesema ni mbovu, atuambie kwanza kama hakusinzia.