Kigoda cha Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiishi nyumba kwa nyumba na kuazimana chumvi, Fisi aligawa vigoda bure kijiji kizima. Vigoda vizuri jamani! Vimezibwa pande zote, vinang'aa, ukikalia kimoja hutaki kuinuka.

"Ila msivibandue," alionya Fisi. "Mkivibandua, baraka zitamwagika!"

Tangu hapo Mama Kanga hakuwa na raha. Alificha mayai yake majivuni, yakaliwa. Akaficha kichakani, yakaliwa. Sasa yalibaki machache tu, naye ameyakumbatia huku analia.

Jirani yake Kindi, mdogo wa mwili lakini mjanja kupindukia, akaingia bila hodi.

"Dada, ulimwambia nani ulikoyaficha?"

"Baba watoto tu! Tulikuwa tumekaa hapa hapa ndani."

"Mlikalia nini?"

Mama Kanga akatazama chini. Lo! Kigoda.

"Hebu tukibandue," Kindi akanong'ona.

"Thubutu! Na baraka je?"

Kindi akacheka kimoyomoyo. Akarukia juu ya kigoda, tii! Akapaza sauti kama anaita mkutano: "Haya, Mama Kanga! Mayai nimeyapeleka kwenye ule mzinga wa mtoni. Usiogope, hauna hata nyuki mmoja!" Kisha akamkonyeza.

Adhuhuri kijiji kikasikia: vuuuuu! "Uwiii! Nakufa mie!" Fisi huyo, anatimua mbio, pua imevimba kama boga, nyuki wako nyuma yake.

"Pole, Bwana Fisi," Kindi akamwambia mbele ya watu wote. "Mzingani ulifuata nini?"

"Ma... mayai!"

"Nani kakwambia? Mimi nilikiambia kigoda tu."

Mama Kanga hakungoja tena. Alikibandua kigoda chake kwa mdomo, kwa hasira zote za mama, kraa! Akadondoka Mjusi, aliyekuwa akisikiliza humo ndani na kupenya kwa kitundu cha siri kumpelekea Fisi habari.

"Nilitumwa!" akalia Mjusi, akatoweka.

Basi wanyama wakatengeneza vigoda vyao wenyewe, vya fito na kamba, hadharani uwanjani. Kila mmoja aliruhusiwa kupekua, kufumua na kusuka upya.

Fisi hakukoma. Akampenyeza mdudu Nyenje katikati ya kamba za kigoda kimoja. Wapi! Punda akasema, "Mbona hapa pametuna?" Sungura akapapasa, Kobe akafumua, na Nyenje akaruka nje, nyiii! Wakacheka mpaka wakagaagaa.

Mayai ya Mama Kanga yakaanguliwa, kwi kwi kwi! Na vile vifaranga, hata kabla ya kuomba chakula, viliinamisha vichwa vikachungulia chini ya kigoda. Mama Kanga alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

Nanyi wanangu, anayekupa kitu akakukataza kukifungua, mwambie akifungue yeye kwanza, mbele ya watu.