Fundi Saa na Chumba Chenye Dirisha

Wapo watu ambao hata ukiwapa chumba peponi watauliza cha jirani kina madirisha mangapi. Fundi saa alikuwa mmoja wao.

Alikuwa na chumba cha chini, mlango wa kwanza ukitoka barabarani. Dirisha lake pana liliingiza mwanga asubuhi hadi jioni, ukaangukia meza yake kana kwamba umetumwa. Kwa mtu anayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta, mwanga huo ulikuwa nusu ya kazi. Kasoro ilikuwa moja tu: kila mpita njia alichungulia na kuuliza, "Fundi, saa ngapi?"

"Mimi ni fundi, si mnara," alinung'unika.

"Wakikuuliza saa maana yake wanajua ulipo," mkewe alimjibu. "Baba watoto, tulia. Ijumaa yule mama wa hospitali anakuja."

Hapo ndipo penye uzito. Hospitali ilitafuta mtu wa kutunza saa zake zote za ukutani, na afisa ugavi alitaka kumwona fundi akiwa kazini kabla ya kumkubali. Kazi hiyo ingemfikisha uzeeni bila kubabaika. Lakini badala ya kutulia, fundi alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Je, afisa akikuta kelele zile?

Jumatatu akapanda ghorofani kwa fundi cherehani, ambaye chumba chake kilikuwa kimya kama makaburi.

"Dada, tubadilishane vyumba."

Dada hakumeza hata mate. "Daftari liko wapi?"

Katika jengo lile, wanaobadilishana vyumba hutia saini kwenye daftari la msimamizi, wakapeana funguo. Kurudi nyuma hakuna, ila mwenzako aridhie.

Jumanne hakuna aliyemuuliza saa. Hakuna aliyemletea saa pia. Wazee waliotaka kubadilisha betri walifika kidato cha tatu cha ngazi, wakavitazama vilivyobaki, wakaona heri waishi kwa kukisia. Kufikia Jumatano fundi alikuwa akipiga hatua kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Afisa naye akigoma kupanda? Akateremka mbio.

"Dada, yale mabadilishano yalikuwa ya majaribio tu."

"Kaka yangu, mimi nimeshapigilia misumari ya kutundikia nguo. Na wanaouliza saa nawaambia waingie wapimwe suruali kwanza. Biashara imenikubali."

Akamwendea msimamizi. Huko chini kilibaki kijistoo kilichokuwa chini ya ngazi.

"Hapo naweka mafagio," msimamizi alisema. "Hayajawahi kulalamika. Wewe nakufahamu."

"Baki juu," mkewe alimsihi. "Nitamngojea yule mama mlangoni nimpandishe mwenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alhamisi fundi akahamia kwenye mafagio.

Ijumaa afisa ugavi alifika akiwa na saa ya ukutani ya wodi ya wazazi. "Ifungue nikuone," alisema. Fundi, mgongo umepinda kama ndoana na tochi iko menoni, akaifungua. Mara wapangaji wawili wakapanda ngazi na gunia la mkaa. Vumbi likamwagika kutoka juu, likatua katikati ya magurudumu ya saa. Fundi akatoa tochi kinywani, akapuliza kwa pupa, skrubu ikaruka. Akapiga magoti akaitafuta kwa kupapasa sakafuni, mafagio yakimwangukia kisogoni.

Afisa alingoja, skrubu haikuonekana.

"Fundi, saa hii ndiyo wakunga huitazama ili waandike mtoto kazaliwa wakati gani," hatimaye alisema. "Mikono yako sina neno nayo. Ila niliambiwa nije mlango wa kwanza, penye dirisha kubwa."

"Ndipo nilipokuwa, mama."

"Wakakufukuza?"

Fundi alizima tochi. Angeweza kudanganya, lakini mkewe alikuwa amesimama mlangoni akimtazama.

"Hapana. Nilihama mwenyewe."

Afisa aliipokea saa yake, akaokota na kifuniko chake, akaaga kwa upole na kuondoka. Fundi akabaki magotini akipapasa kutafuta skrubu ya saa ambayo haikuwepo tena.

Hakika, mkataa pema pabaya panamwita.