Ganzi ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani yule alikuwa na mikono ya dhahabu, lakini mwaka huo vidole vilianza kufa ganzi na kumgomea. Uzi haukuingia kwenye tundu la sindano, mkasi ulimponyoka, na barabarani alijikwaa pasipo kisiki.

"Uzee umebisha hodi, mzee mwenzangu!" majirani walimtania.

Zahanati mbili zilimpa vidonge vya maumivu na bandeji ya kiganja. Naye akajikaza kisabuni, mpaka asubuhi moja alipomwaga chai mara ya tatu. Mkewe akajitanda khanga.

"Leo hata ukilia, tunakwenda."

Tabibu wa zahanati ya tatu alikuwa msichana mtulivu, umri wa binti yao.

"Ganzi ni ya mikono tu, baba? Miguu je?"

Fundi akacheka. "Miguu haishoni nguo, mwanangu."

"Nijibu hivyo hivyo."

"Mizito. Kama nimeazima ya mtu."

Tabibu akaweka kalamu chini. Akamwomba afungue vifungo vya shati, kisha avifunge tena. Mtu aliyeshona mashati yasiyo na idadi akahangaika na kifungo kimoja hadi kijasho kikamtoka. Mkewe aliponyoosha mkono, tabibu akamzuia kwa upole. Akagonga goti kwa kinyundo cha mpira. Mguu ukaruka kama uliochomwa. Akamtaka atembee kwa kufuata mstari wa vigae, kisigino kikigusa kidole. Fundi akapepesuka, akadaka meza.

"Baba, mikono haina kosa. Nahofia kuna kitu shingoni kinaubana ugwe unaopeleka amri za ubongo mikononi na miguuni. Tukichelewa, kinachopotea huenda kisirudi."

"Lakini shingo hainiumi!"

"Ndiyo maana wengi huachwa mpaka washindwe kutembea."

Akapiga simu hospitali ya rufaa papo hapo. Walipomwambia mwezi ujao, akang'ang'ana kama kupe mpaka wakasema kesho. Picha ya shingo ikathibitisha maneno yake, na wiki hiyo hiyo fundi akafanyiwa upasuaji.

Miezi sita baadaye alitembea bila kushikwa. Vidole viwili vilibaki na ganzi, na kutunga uzi alimwachia mkewe, lakini cherehani ilinguruma kutwa. Siku moja mteja, dereva wa lori, akajisifu kwamba ganzi ya mikono na kuyumba kwake ni uchovu tu.

"Kitambaa kiache hapa," fundi akamwambia, akimwelekeza mlangoni. "Wewe nenda zahanati sasa hivi. Dalili ya mvua ni mawingu."