Mguu wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakifua jezi zao wenyewe na kuzianika kwenye miiba, kulikuwa na timu ya mpira wa kikapu kule Bondeni. Wewe unayecheka, cheka tu. Timu ilikuwapo, na kikapu chake kilikuwa kikapu kweli, kile cha kubebea mahindi, kimetobolewa chini.

Kocha alikuwa Kiboko, mnene, filimbi shingoni. Wachezaji wakubwa hawakukosekana: Twiga wa kufunga, Nyati wa kusukumana. Alikosekana mmoja tu, mdogo mwepesi wa kuupandisha mpira kutoka nyuma na kuwagawia wenzake. Nafasi hiyo waliigombea vijana wawili, Pimbi na Nguchiro. Atakayechaguliwa atacheza ligi nzima. Atakayeachwa atakaa benchi, na Pimbi benchi alikuwa amelikalia msimu mzima uliopita, mpaka manyoya ya makalio yakaanza kunyonyoka. Hakulitaka tena!

Kiboko akawa anawalinganisha kutwa.

"Pimbi ana kasi. Lakini Nguchiro ana macho. Nguchiro ana chenga. Lakini Pimbi ana pumzi. Aaa, kichwa kinaniuma!"

Zilipobaki wiki mbili ligi ianze, Nguchiro akaruka, akatua vibaya, kacha!

"Mama yangu weee! Mguu!"

Nyati akambeba mpaka kwake, akafungwa bendeji, akalazwa. Pimbi alimhurumia, kweli kabisa. Lakini tusidanganyane, moyoni alisema, "Basi nafasi ni yangu."

Haya. Kesho yake akaupandisha mpira, du, du, du! Chenga huku, chenga kule, pasi kwa Twiga, chwaa! Kikapu. Akamtazama kocha.

"Si vibaya," akasema Kiboko. "Lakini Nguchiro angeitoa ile pasi mapema kidogo."

Siku ya pili Pimbi akaitoa mapema.

"Si vibaya. Lakini Nguchiro angechelewa kidogo, amvute mpinzani."

Siku ya tatu akafunga vikapu saba, mwenyewe.

"Nguchiro angefunga tisa," akasema Nyati.

"Tangu lini Nguchiro kafunga tisa?" Pimbi akauliza. "Juzi tu hapa si alikosa sita mfululizo, na wewe Nyati ukamzomea?"

Wakamkodolea macho kana kwamba katukana msibani.

"Pimbi, ndugu yangu," akasema Twiga kwa upole, "mwenzako anaumwa. Usimseme hivyo."

Pimbi akachanganyikiwa. Kadiri alivyojitahidi uwanjani, ndivyo Nguchiro alivyozidi kuwa hodari kitandani. Kufika siku ya nane, Nguchiro akawa anaruka kumzidi Twiga. Siku ya kumi, Kiboko akaapa hajawahi kumwona Nguchiro akipoteza mpira. Hata mara moja! Pimbi akawa halali vizuri. Nani hakumbuki, mimi au wao?

Mwishowe akachukua machungwa matatu, akaenda kumjulia hali mwenzake.

Alimkuta Nguchiro kajinyoosha, mito miwili kichwani, kidevu kinang'aa mafuta ya supu. Pembeni palikuwa na uji wa Nyati, ndizi za Twiga na blanketi la kocha.

"Pole sana, mwenzangu. Unaendeleaje?"

"Aah, tunamshukuru Mungu. Naumia, Pimbi. Uuwii! Nasikia mnahangaika sana huko bila mimi."

Pimbi alitaka kusema hatuhangaiki. Lakini mtu anaumwa, kalala mbele yako, utamwambia nini? Mdomo ukajisemea wenyewe.

"Mno! Timu bila wewe si timu. Pasi zako hakuna anayeziweza."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akatoka. Alipofika njiani akasimama, akajishika kichwa.

"Ala! Nimesema nini mimi? Mimi Pimbi, kwa mdomo wangu huu?"

Akatembea hatua tatu, akasimama tena. Kumbe ndivyo! Kila aliyeingia mle alimpoza mgonjwa kwa sifa, kama tulivyofunzwa sote nyumbani, kisha akatoka na zile sifa akiziamini mwenyewe. Au sivyo? Hakuwa na hakika. Ilibidi ajaribu.

Siku ya kumi na mbili ndiyo siku ambayo kocha angetaja jina. Asubuhi Pimbi akamwita mama yake.

"Mama, nifunge kitambaa mguuni."

"Umeumia? Mguu upi?"

"Wowote."

"Wowote!"

"Chagua wewe, mama."

Mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa. Halafu akamfunga wa kulia.

Habari zikaenea. Jua halijafika utosini, ua umejaa. Nyati na uji. Twiga na mkungu wa ndizi aliokuwa akimpelekea Nguchiro. Kiboko akaja akihema, he! he!, filimbi inalia yenyewe.

"Pole, mwanangu! Pole!"

"Kijana ana pasi huyu," Twiga akaanza. "Na vikapu je? Saba kwa siku!"

"Kumi," akasema Nyati.

"Kumi na tano!" akasema Kiboko, machozi yanamlengalenga. "Na mimi nikamwambia anachelewesha pasi! Nilikuwa na macho ya nini? Nasema leo, huu mguu ukipona, nafasi ni yake. Hakuna kama Pimbi!"

Pimbi, chini ya shuka, hakujua acheke au alie.

Nguchiro kule kwake alikuwa akingoja uji wake. Akangoja wee. Akachungulia dirishani, akaona njia nzima inaelekea kwa Pimbi. Na sauti ya Kiboko mnaijua, ikitoka imetoka. "Hakuna kama Pimbi!"

Pa! Mlango. Pu-pu-pu-pu! Nguchiro akaja mbio, bendeji inaburuzika nyuma, akaruka ua, akatua katikati ya wageni.

"Mwongo huyo! Nimemwona jana kwa dirisha langu, anaruka kama panzi! Mguu wake mzima! Nafasi ni yangu!"

Wote wakautazama mguu wa Nguchiro. Nguchiro naye akautazama.

"Umepona," akasema. "Sasa hivi."

"Sasa hivi?" Kiboko akauliza.

"Tangu... tangu siku ya tatu, kidogo."

Kiboko akakaa chini, puu!

"Ngojeni kwanza. Mgonjwa anakimbia. Na wewe Pimbi uliyelala, wewe u mgonjwa?"

Pimbi akafungua kitambaa.

"Mzima, kocha. Unisamehe. Nimekimbia mbele yako siku zote hizo, sikupata hata nusu ya sifa hizi. Leo nimelala tangu asubuhi tu, nimekuwa bingwa. Mimi nimechanganyikiwa. Hebu niambie, ulikuwa unamlinganisha nani na nani?"

Kiboko akafungua kinywa, na kinywa chake mnajua kilivyo. Akatia filimbi, akapuliza, priiii!

"Uwanjani! Wote wawili! Wa kwanza kufunga vitano!"

Wakaenda. Nguchiro hakuwa mchezaji mbaya, jamani, tumpe haki yake. Akafunga kimoja. Akafunga cha pili. Baada ya hapo tumbo la supu likakataa. Pimbi, du, du, du! Akampita kulia, akampita kushoto, chwaa! Kimoja, viwili, hadi vitano. Safari hii hakuna aliyesema Nguchiro angefunga tisa, maana Nguchiro alikuwa palepale, chali katikati ya uwanja, ulimi nje.

Pimbi akapewa jezi, akaivaa, ikamfika magotini. Nyati akaenda kumwomba radhi, Twiga akafuata. Kiboko akakaa pembeni ya uwanja, akijiuliza ni wangapi amewahi kuwapima hivyo.

Basi, wanangu, ukitaka kuwapima wawili, wapime wote wakiwa wamesimama.