Siku ya Mashine na Siku ya Mke

Wapendwa, bwana mmoja alikuwa na mashine ya kusaga mahindi, na nusura mashine hiyo imwachanishe na mkewe. Si kwamba mke alikuwa mkorofi. Alikuwa mvumilivu, na uvumilivu wa mwanamke ninyi wanaume mnauona kama maji ya mto, mnadhani hauishi.

Mwanzoni yule bwana hakuwa na habari ya kuizima mashine. Mkewe akimwambia leo inalia vibaya, aitie grisi, yeye hujibu kwamba akizima tu, wateja watakwenda ng'ambo ya mto. Ikaja wiki ya Krismasi, akina mama wamepanga ndoo mpaka barabarani, beringi ikasagika. Fundi akatoka mjini, spea zikatoka mbali zaidi. Krismasi ile kijiji kizima kilikula unga wa ng'ambo ya mto, na yeye mwenyewe akala.

Akatubu. Ila binadamu akitubu hupitiliza. Ikawa kila asubuhi anaifungua mashine yote, anaipangusa, anaikaza, anairudishia, wateja wamekaa juani wanamtazama. Na nati nazo, kufunguliwa na kufungwa kila uchao, zikalika meno. Mashine ikaharibika tena, safari hii kwa kupendwa.

Mkewe akamkalisha. Akamwambia Alhamisi watu wote wanashinda gulioni, hakuna anayeleta hata debe la mahindi. Basi azime Alhamisi, atie grisi, autazame mkanda. Kilichochoka akibadilishe kabla hakijakatika, kilicho kizima akiache. Bwana akafuata. Mashine ikatulia, na Krismasi iliyofuata watu wa ng'ambo ndio waliovuka mto.

Alhamisi moja anarudi nyumbani, grisi mpaka viwikoni, anapiga mluzi. Anamkuta mkewe anafunga nguo zake kwenye kitenge.

"Mama Tuntufye, safari ya wapi? Si mambo yamekaa sawa?"

"Iliyokaa sawa ni mashine. Mimi nakwenda kwa kaka yangu."

"Nimekukosea nini? Mbona hujasema neno?"

"Mashine ilisema? Kila Alhamisi unaiwekea sikio ubavuni. Mimi, tangu tumzike mama yangu, lini umeniuliza nimeamkaje ukangoja jibu?"

Bwana akajikalia na grisi yake juu ya kiti chenye kitambaa cheupe. Mkewe hakumkemea. Hapo ndipo alipojua hali ni mbaya.

Akaapa kwamba kuanzia siku ile atamuuliza asubuhi, mchana na jioni.

"Thubutu," akasema mkewe, na safari hii kidogo acheke. "Utanimaliza kama ulivyozimaliza zile nati, baba Tuntufye. Alhamisi jioni unawe, ukae, unisikilize. Siku nyingine niache nipike."

Akafungua kitenge, nguo zikarudi kwenye sanduku. Kile kitambaa bwana alikifua mwenyewe, na hakikutakata.

Haya, sisi je? Kuna mtu humu anangoja ndoa ivunjike ndipo amtafute mchungaji. Mchungaji atatoka wapi na spea? Na kuna mwingine anaikagua simu ya mwenzake kila saa, ukimuuliza anasema ni mapenzi. Mungu mwenyewe alipofanya kazi aliweka siku ya kutulia. Hakuzifanya zote kuwa hiyo, wala hakusahau kuiweka. Sisi ni nani hata tujifanye tunajua zaidi?

Wewe kijana wa benchi la nyuma, najua unacheka. Oili ya pikipiki yako unaibadilisha kwa siku yake, hujawahi kukosa. Mkeo ameketi upande ule, kilemba cha kijani. Ibada ikiisha usiikimbilie pikipiki. Mfuate, umuulize siku gani inamfaa. Na ukishauliza, nyamaza.