Uzi wa Mwanakombo

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmemsikia jirani akiyasema hayo mlangoni kwake, mkanijia mbio kuniuliza ni mgeni gani huyo anayeponya watu. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, nami nasema kama nilivyosimuliwa.

Palikuwa na mama mmoja, Mwanakombo, kiongozi wa wapiga sakafu. Nyumba za mawe za zamani hazikuezekwa makuti. Juu ya boriti ilimwagwa chokaa na kokoto, kisha watu wakapanda na vibao vizito, wakaipiga siku tatu huku wakiimba, mpaka ikashikana ikawa paa. Paa lililopigwa vizuri halipitishi tone. Lililopigwa ovyo, mwenye nyumba huhamia kwa mkwewe.

Watu wa Mwanakombo walikuwa kumi na wawili, wote hodari, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kila mmoja alitaka aonekane yeye. Mwanakombo akachoka kuamua magomvi, akawagawia paa kwa nyuzi alizozikaza juu yake: hapa pako, pale pa mwenzako. Magomvi yakaisha. Lakini mapaa mawili yakavuja mfululizo, na kila aliyeulizwa alijibu, "Pangu pazima, mama." Na kweli palikuwa pazima!

Paa la tatu lilikuwa la Sharifu Badawi, mtu asiyesema jambo mara mbili. "Hili likivuja," alimwambia, "kundi lako halitapanda paa jingine mji huu." Miaka kumi na mitano Mwanakombo alikuwa amewakusanya watu wale mmoja mmoja. Akakonda. Wali ukawa haupiti kooni.

Siku ya kuanza kazi akaja kijana wa watu kutoka bara, jina lake Semboja.

"Ufundi sina, mama. Mikono ninayo."

"Paa limeshagawanywa," wakadakia wale kumi na wawili. "Huyu atasimama wapi?"

Mwanakombo akamwonea huruma, akampa kibao. "Simama popote usipomuudhi mtu."

Maskini Semboja! Akipiga huku, anafukuzwa: "Toka kwangu!" Akienda kule, anafukuzwa vilevile. Mwisho akajikuta juu ya uzi wenyewe, na hapo hakuna aliyemsemesha. Akapiga akiufuata uzi, mpaka adhuhuri akasimama.

"Mama, hapa pa nani?"

"Kwenye uzi? Hapo si pa mtu."

"Basi ndiyo maana. Kwingine kibao kinaruka. Hapa kinazama."

Mwanakombo akapanda, akakanyaga kwa kisigino pale ambapo Semboja alikuwa hajafika. Kisigino kikadidimia. Akatazama uzi wa pili, wa tatu. Kote ni hivyo hivyo. Watu wake waliogopa kugusa mpaka wa mwenzao, kila mmoja akaishia shubiri moja kabla ya uzi. Maji yalikuwa yakipita katikati ya heshima zao.

Akainama, akazing'oa nyuzi zote kwa mkono wake.

"Kosa ni langu," alisema. "Niliwagawa nikidhani ninawapatanisha. Shikeni mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka ukuta huu hadi ule. Na wewe Semboja, ingia katikati."

Walinung'unika, kwa nini wasinung'unike? Lakini wimbo ulipokuwa mmoja, vibao navyo vikaanguka pamoja, na nyumba nzima ikaitika.

Chokaa ilipokwisha kukauka, mvua ya masika ikanyesha kutwa nzima. Wote kumi na watatu walisimama chumbani kwa Sharifu, shingo juu. Wakangoja. Sharifu akapanda ngazi, akapitisha kiganja darini, akakitazama. Kikavu.

"Nipeni wali," akasema Mwanakombo, na machozi yakamtoka. Akala mbele ya watu bila haya, kisha akamshika Semboja mkono. "Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe. Ugonjwa wangu nilikuwa nao miguuni, nikiukanyaga kila siku, na sikuuona. Macho yako mageni yameuona kwa asubuhi moja."

Tangu hapo hakuanza paa bila kibao kimoja cha ziada kuegemezwa mlangoni, kwa yeyote atakayepita. Na kabla ya wimbo, alisimama ukingoni, akaita njiani kwa sauti yake yote:

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"