Mihina ya Bi Waride

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, ila mwenyewe ni mpita njia, naye akiinuka huondoka nao. Bi Maimuna wa Bungu aliijua methali hii tangu utotoni. Kujua ni kitu kimoja na kufuata ni kingine.

Nyumba yake ilizungukwa na ua wa mihina uliopandwa na mama mkwe wake, Bi Waride, alipoletwa hapo akiwa mwari. Mhina si mti wa kuutolea macho. Majani yake ni madogo, matawi makuukuu huota miiba, na mbuzi mdokozi huambulia mikwaruzo. Lakini hauchagui udongo wala haulalamikii jua, na ukichanua, jirani wa tatu huipata harufu yake. Bi Waride aliyachuma majani kwa salawati, akayaanika kivulini ili jua lisiibe rangi, akayatwanga, akayachekecha na kuyakanda kwa ndimu. Wakulima waliomba ya kutibu nyufa za visigino, wazee ya kupaka ndevu. Hakuna bibi harusi wa mtaa ule aliyekwenda kwa mumewe bila hina hiyo.

Nasra, binti wa Bi Maimuna, alikuwa fundi wa kusuka ukili, na mikeka yake ilisifiwa hadi Kibiti. Alipoposwa na Badru wa Ruaruke, mama mtu akaingiwa na kiherehere.

"Wakwe waje wakute vichaka vya miiba? Turubai nitalifunga wapi?" alisema, na jembe tayari liko mkononi.

"Mwanangu, kata matawi, mizizi iache," Bi Waride alimsihi. "Mhina ukiukata hurudi. Ukiung'oa ndiyo basi tena."

"Mama, hina ni mambo ya kale. Siku hizi ni piko, jeusi ti, saa moja limekolea."

Piko hilo alilinunua kwa mchuuzi aliyeshuka kwenye basi pale barabarani, akauza vipakiti visivyo na jina, kisha akapanda gari lililofuata. Sura yake hakuna aliyeikumbuka.

"Mama, mimi nataka ya bibi," Nasra alinong'ona.

"Usinitie aibu!"

Mihina ilipokuwa iking'olewa, Bi Waride alikaa barazani amegeukia ukutani. Alhamisi mchana Nasra akapakwa maua meusi, yakapendeza kweli, wanawake wakapiga vigelegele. Kabla ya alasiri mikono ilianza kumwaka.

"Mama, linaniunguza. Niruhusu ninawe."

"Vumilia, ndiyo linakolea," Bi Maimuna alijibu. Maneno hayo matatu angetoa chochote kuyarudisha kinywani.

Asubuhi ya Ijumaa mikono ilikuwa imevimba, malengelenge yamefuata kila ua na kila jani. Tabibu wa zahanati aliifunga bendeji akitikisa kichwa. Nikaha ilifungwa, kwani Badru alikuwa muungwana, lakini bibi harusi aliificha mikono chini ya mtandio, na wageni wakala pilau kimyakimya kama waliokuja matangani.

Malengelenge yalipona, makovu yakabaki. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikataa kukunjika sawasawa. Nasra akianza kusuka, ukili humponyoka. Mara nyingine huukusanya taratibu, mara nyingine huuacha hapohapo chini.

Masika yalipoingia, Bi Maimuna alikwenda Dimani kwa mwanamke mmoja ambaye zamani alipewa vipando na Bi Waride. Akaomba vipande vya matawi, akavichomeka palepale pa zamani, akavimwagilia kila jioni. Vingi vilikauka. Sita vilishika.

Mwaka uliofuata Nasra alikuja kuwasalimu. Bi Maimuna alikuwa ameshatwanga na kukanda, bakuli liko tayari.

"Njoo, mwanangu. Hii ni ile ya bibi yako. Leo nikupake mimi."

Nasra aliitazama mikono yake, kisha akamtazama mama yake bila hasira yoyote.

"Ahsante, mama. Lakini hina haikolei kwenye kovu."

Bi Maimuna aliliweka bakuli chini akalia kwa sauti. Bi Waride alimshika bega, na hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake kilichokuwa wazi kwa wote: usiache mbachao kwa msala upitao.